Kiu ya Bado Kidogo

Watu wa kambi za wavuvi, wakiuona mtumbwi wa Bado Kidogo unakuja kwa mbali, mrefu na mwembamba, duka mbele, kitanda katikati, mashine nyuma, walikuwa wakimwambia Johari kwamba Mungu kampendelea. Nyumba inatembea yenyewe! Ukichoshwa na majirani unawasha mashine, unawaacha na maneno yao. Johari alicheka nao kwa adabu, maana walikuwa wateja, lakini moyoni alisema haya, njooni mkumbe maji asubuhi moja tu, halafu mnioneshe hayo mapendeleo yako upande gani.

Maana mtumbwi wa mbao, hata uwe mzima namna gani, unavuja. Siku ya Johari ilianza na kopo. Kabla ya chai, kabla hata ya kunyoosha mgongo, aliinua ubao wa sakafu akachota maji yaliyoingia, akamwaga nje, akachota, akamwaga. Kisha jiko. Jiko la mkaa lilikaa ndani ya karai la mchanga ili lisije likaunguza nyumba, na upepo wa ziwa Kitangiri hauna huruma na mtu anayewasha moto. Mkaa ukishika, sufuria inateleza. Sufuria ikitulia, mumewe Mselemu anapita kwenda nyuma na mtumbwi mzima unayumba. Kupishana mle ndani hakukuwepo. Mmoja akitaka kupita, mwingine anapanda kitandani na kukunja miguu.

Sukari ilishika unyevu, chumvi ikatoa jasho, unga ukaota ukungu, kwa hiyo kila kukicha bidhaa zilitolewa juani na kurudishwa. Sola juu ya paa ilifutwa kinyesi cha ndege. Majani yalijiviringisha kwenye pangaboi ya mashine, na Mselemu alishuka na kisu, maji kifuani, huku Johari akiangaza macho kama kuna kiboko karibu. Na ile ndoo ya haja, ambayo wanaosifia raha za majini hawaitaji hata siku moja, lazima mtu aibebe akaimwage mbali, nchi kavu. Mtu huyo alikuwa Johari.

Tuseme wazi tu: alikuwa amechoka, tena si ule uchovu wa kulala ukaamka umeisha. Alichokitaka hakikuwa kikubwa. Alitaka chumba cha matofali Singida Mjini, chenye sakafu isiyoyumba, bomba uani, na choo chenye mlango wa kufunga kwa ndani. Siku moja Mselemu alimbembeleza kwamba wakirudi mjini watatafuta mahali karibu na ziwa Singidani ili wasikose upepo. Johari akamjibu kwamba akiona maji yoyote kutoka dirishani kwake, dirisha hilo atalipigilia misumari.

Mselemu mwenyewe alikuwa mtoto wa mjini. Baba yake aliuza vitambaa sokoni Singida; babu yake ndiye aliyetoka Pangani na mizigo ya biashara, akaoa Mnyaturu, akabaki. Kwa ajili ya babu huyo Mselemu aliamini kabisa kwamba maji yamo kwenye damu yake, ingawa bahari yenyewe aliiona mara moja tu, walipokwenda msibani Tanga, tena kupitia dirisha la basi. Duka la sokoni lilipomshinda, aliuza alichokuwa nacho, akatafuta fundi, akatengenezewa mtumbwi mwembamba wa kupita kwenye vijia vya matete ambako maboti mapana hayaingii. Ubavuni akaandika kwa rangi nyekundu: Bado Kidogo. Mpango ulikuwa wakae majini misimu michache, wapate mtaji, warudi. Binti yao wa pekee, Saada, alikuwa bado shuleni, wakamwacha kwa shangazi yake. Sasa Saada ameolewa, ana mtoto anayetembea, na mtoto huyo anamjua Johari kama bibi wa kwenye simu.

Na kila kiangazi Mselemu alisema: mwaka huu nauza. Akapanda kwenda mjini kutafuta mnunuzi, na kila mara akarudi na kitu cha kuupamba mtumbwi. Mwaka mmoja turubai jipya la paa. Mwaka mwingine rangi. Kuna mwaka alisema kabisa kwamba mtu anakuja kuuona, Johari akafunga mizigo yake, akaaga majirani, akasubiri. Aliyetokea ni Mselemu peke yake, na nanga mpya begani, uso umemchangamka utadhani bwana harusi. Johari alifungua mizigo. Tangu siku hiyo, akisikia habari za kuuza alitia pamba masikioni.

Saada alishamwambia zaidi ya mara moja, mama, njoo wewe peke yako, baba atafuata. Lakini Mselemu alikuwa na kifua kinachobana kila akitoka majini, na nani angemchemshia maji? Johari alitaka washuke wote wawili. Na Mselemu naye hakuwa tayari kwenda kukaa kwa mkwe wake mikono mitupu. Alisema afadhali aitwe kichaa wa ziwani kuliko kuwa baba mkwe anayesubiri sahani. Mali yao yote ilikuwa zile mbao, na bila kuziuza hakuna kushuka. Hapo ndipo mambo yalipokwama, mwaka baada ya mwaka.

Mwaka huu kiangazi kilikuwa kikali kuliko kawaida. Ziwa lilijivuta, likaacha tope, tope likakauka likapasuka vipande, na Bado Kidogo ukabaki juu ya ardhi kwenye kambi ya Mwangoko, umeegemezwa kwa magogo pande zote mbili. Watu wengine wangeshukuru kupumzika. Lakini mtumbwi wa mbao ukikaa nje ya maji unapata kiu. Mbao zinasinyaa, zinaachana, pamba iliyoshindiliwa katikati yake inalegea na kudondoka, na jua likizidi ubao wenyewe unapasuka. Kwa hiyo unanyweshwa: asubuhi na jioni unamwagiwa maji, ndani na nje, toka mbele mpaka nyuma, halafu unafunikwa magunia yaliyoloweshwa. Wavuvi wenye vitumbwi vidogo hawahangaiki. Wao wanavizamisha ziwani kwa kuvijaza mawe, wanakwenda zao kulala. Wewe utaizamishaje nyumba yenye kitanda na duka?

Mselemu alisema anakwenda Singida kumwona Kamran, kijana wa Kihindi mwenye duka la vipuri karibu na stendi, ambaye siku hizi alikuwa anataka kujiingiza kwenye biashara ya samaki wakavu. Huyu safari hii ni mnunuzi wa kweli, alisema. Johari alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. Mselemu akamwagiza aunyweshe mtumbwi asisahau, hasa ubavu wa magharibi unaopigwa na jua la mchana, na Johari akasema sawa. Mselemu akapanda bodaboda na mfuko wake wa plastiki kwenda kutafuta basi kule barabara kubwa, chini ya mlima Sekenke.

Basi Johari alinywesha. Alichukua ndoo mbili, akakata tope mpaka ukingo wa maji, akarudi, akamwaga, akarudi tena. Kila siku maji yalikuwa yamesogea mbali zaidi, utadhani yanamkimbia makusudi. Goti la kulia lilimuuma akipanda, la kushoto akishuka. Mchana alikaa kwa Luciana, mama wa Kinyiramba aliyekuwa akipika chai na maandazi pale kambini, ndani ya kibanda cha miti na udongo ambacho Luciana mwenyewe alikiona si kitu. Johari alikiona kikubwa. Alikaa chini akaegemea ukuta, na ukuta haukwenda popote. Akasinzia hapo hapo, mdomo wazi, na Luciana akamfunika kanga.

Mselemu alipiga simu siku ya soko. Mtandao pale kambini ulipatikana juu ya kichuguu kimoja tu, na Johari alipanda juu yake na goti lake bovu, akasimama kule kama mlinzi wa mtama. Mselemu aliongea kwa furaha. Kamran amekubali kuja kuuona. Na yeye Mselemu ameona betri nzuri ya sola, nzito, ya kukaa na moto usiku kucha, anainunua, anakuja nayo.

Johari alisikia betri. Hayo mengine alishayasikia zamani. Alishuka kichuguuni taratibu, akakaa chini, na machozi yakamtoka pale mbele za watu bila yeye kuyaita. Nanga, turubai, rangi, sasa betri. Mtu anayetaka kuuza nyumba hanunui taa. Aliona misimu mingine yote imejipanga mbele yake, kopo na karai na ndoo, mpaka siku watakapomtoa mle ndani amelala chali, na hata hiyo siku atakunjwa miguu ili Mselemu apite.

Jioni ile hakwenda kuchota maji.

Luciana aliliona hilo mapema kuliko Johari alivyodhani. Akamwuliza, dada, leo hukuunywesha? Johari akasema mwili umekataa. Na ni kweli mwili ulikataa. Lakini kesho yake mwili ulikuwa mzima, na bado hakwenda. Aliyaanua magunia, akayakung'uta, akayarudisha makavu. Alikuwa amepiga hesabu zake, hesabu za mtu aliyechoka. Mtumbwi usipokuwepo, Mselemu atakuwa hana pa kurudia. Atapiga kelele, atanuna, halafu ile aibu ya kukaa kwa mkwe ataimeza kama wanaume wengine wanavyomeza za kwao. Wala yeye Johari hatakuwa amevunja kitu. Atakuwa amepumzika tu, basi. Kupumzika ni kosa?

Ajabu ni namna alivyopumzika. Alilala mchana. Aliosha nguo zake zote, akazianika juu ya miiba, akakaa akiziangalia zinakauka. Alisuka ukili aliouanza tangu mvua zilizopita. Na wakati huo wote mtumbwi ulikuwa unatoa sauti nyuma yake: tak, kimya, tak, mbao zikiachana moja moja. Mwanzoni kila mlio ulimshtua. Baadaye akauzoea, kama mtu anavyozoea kikohozi cha mgonjwa. Pamba ilianza kuning'inia kwenye maungio. Kuku wa Luciana waliidonoa, wakaichukua kwenda kutagia.

Kisha asubuhi moja aliamka kitandani mwake akaona mistari ya jua juu ya mkeka. Mistari myembamba, iliyonyooka, toka kichwani mpaka miguuni. Akainua mkono, ukawa na mistari. Alifurahi. Furaha yenyewe ikamtisha, maana alikumbuka Mselemu akishindilia pamba ile kwa nyundo ya mti, polepole, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo, akiimba vibaya. Mikono yake ilipita kwenye kila ufa ule. Johari akatoka nje, akachukua ndoo, akafika nayo mpaka kwa Luciana. Hapo akaiweka chini, akaomba chai.

Walikuja mchana, jua la utosi. Bodaboda mbili. Ya kwanza ilimbeba Mselemu amekumbatia betri mapajani kwa mikono miwili. Ya pili ilimbeba kijana mrefu mwenye kofia na miwani ya jua, viatu vyake vyeupe vimeshaharibika kwa vumbi la njiani. Johari alikuwa kibandani kwa Luciana, kikombe mkononi. Alimtambua Kamran kabla hajavua miwani, ingawa hakuwahi kumwona. Kumbe safari hii mnunuzi alikuwa wa kweli.

Kamran alimwamkia shikamoo kwa adabu, akauliza habari za joto. Johari akaitikia marahaba, macho kwenye kikombe. Mselemu hakuona. Alikuwa amevaa shati alilooshewa mjini na Saada, limepigwa pasi, na alikuwa ameshaanza kuusifu mtumbwi hata kabla ya kuufikia. Alisema uone ulivyo mwembamba, hakuna kijia cha matete utakachokosa. Alisema mbao hizi hazipatikani tena. Alisema betri aliyoomba bwana Kamran hii hapa, mpya, amelipia mwenyewe, ataifunga sasa hivi aone moto ulivyo. Alisema ndani ni pakavu muda wote.

"Mama Saada, si unaunywesha?" alimgeukia mkewe akicheka, si kwa kuuliza, kwa kumsifia mbele ya mgeni. Halafu akashika gunia la kwanza ili alifunue.

Gunia lilikuwa kavu. Mselemu aliendelea kuongea kidogo, maneno yalikuwa yameshaanza safari, kisha yakaisha. Alishika gunia la pili. Akaweka kiganja ubavuni mwa mtumbwi, upande wa magharibi, akakitembeza taratibu mpaka kikafika mahali na kusimama. Kamran yeye alishainama akaingia ndani, na kutoka humo wakamsikia anasema, eh. Johari alijua anaangalia nini. Mchana ule mle ndani pasingehitaji betri.

Kamran alitoka akafuta magoti. Hakuwa mtu mbaya, na ilionekana anatafuta namna ya kusema. Alipitisha ufunguo wake wa duka kwenye ufa mmoja, ukaingia wote mpaka kwenye pete, akautoa. Mselemu alimweleza kwamba hizo si nyufa, ni kiu. Mtumbwi ukizamishwa mbao zitanywa, zitavimba, zitashikana kama zamani, ampe muda tu. Lakini sauti yake haikuwa na nguvu, kwa sababu kiganja chake kilikuwa bado pale ubavuni kiliposimama, na pale palikuwa si maungio. Ubao wenyewe ulikuwa umepasuka, na ubao uliopasuka haunywi ukapona.

"Mzee wangu," Kamran alisema, "mimi si mtu wa maji. Lakini nimeona jua ndani ya boti."

"Kosa ni langu," Mselemu alisema haraka. "Nilichelewa mjini. Nilitakiwa niwahi kurudi niunyweshe, nikazembea. Huyu mama goti lake bovu, sikumwachia kazi hiyo."

Hakumtazama mkewe wakati anasema hivyo. Johari angeweza kunyamaza. Mlango ulikuwa wazi, alichotakiwa ni kuupita tu. Luciana alikuwa amesimama kibandani na mwiko mkononi, na yeye alijua yote na asingesema neno. Johari aliweka kikombe chini.

"Anasema uongo," alisema. "Aliniachia mimi. Nikauacha makusudi ukauke, ili tusirudi tena majini."

Kamran aliangalia viatu vyake. Hakuna kijana anayependa kukaa katikati ya maneno ya watu wazima walioishi pamoja muda wote huo. Alisema anaelewa, alisema hali ya hewa nayo mbaya, akasema kuna mtu wa Mwanza mwenye boti la plastiki ngumu alishamwambia, labda akamwone huyo kwanza. Alimshukuru Luciana kwa chai ambayo hakuinywa. Akaaga vizuri, akawapa mkono wote watatu, akapanda bodaboda, na vumbi lake likakaa hewani muda mrefu baada ya sauti kuisha.

Mselemu alikaa chini, kwenye kivuli cha mtumbwi, betri mbele yake. Johari alisubiri apige kelele. Alizitaka hizo kelele. Alikuwa amejiandaa na majibu yake yote, nanga na turubai na rangi, na ile mizigo aliyoifunga na kuifungua. Mselemu alikohoa tu, kile kikohozi chake cha kubana, mpaka kikapita.

"Mbona hukuniamini?" aliuliza.

"Mara ngapi, Baba Saada?"

Mselemu alifikiri juu ya hilo kwa haki. Alitikisa kichwa, si kwa kukataa. Akasema ni kweli, ni mara nyingi. Akasema miaka ile alikuwa akifika mjini anaogopa. Anawaona watu aliosoma nao wana maduka, wana magari, naye anajiuliza bila mtumbwi yeye atakuwa nani, basi ananunua kitu chochote na kurudi haraka. Mwaka huu alikuwa amechoka hata kuogopa. Alimwambia Kamran aje achukue, na betri ilikuwa sharti la Kamran, si lake yeye. Akaokota kipande cha pamba kilichodondoka, akakisokota kwa vidole viwili.

"Saada ameshapaka rangi chumba," alisema. "Kijani. Anasema ndiyo unayoipenda. Amenunua na pazia."

Johari alitaka kukaa chini karibu naye lakini goti lilikataa, akabaki amesimama, mkono umeshika ubavu wa mtumbwi. Ulikuwa wa moto. Alikiona chumba kile, kuta zake za kijani, pazia linapepea, mtoto anaingia kwa miguu yake anauliza bibi wa kwenye simu yuko wapi. Kilikuwa tayari. Kilikuwa tayari siku zile zote alizokuwa akianika nguo na kuangalia zinavyokauka. Akalia, safari hii bila sauti, na Mselemu akamwacha alie.

Alipomaliza alimwuliza mvua zitaanza lini. Mselemu akaangalia juu, kama mtu wa Pangani, akasema bado kidogo. Alisikia mwenyewe alichosema, akafunga mdomo. Kisha akaeleza polepole. Ziwa litarudi mpaka hapa, kama kawaida. Ubao uliopasuka itabidi utolewe uwekwe mwingine, betri itauzwa kwa ajili hiyo. Maungio yatashindiliwa pamba upya, yote, toka mbele mpaka nyuma. Ila kwanza mbao zinyweshwe, zirudi hali yake, maana ukishindilia pamba kwenye ubao mkavu, ukija kuvimba unajivunja wenyewe. Halafu msimu mmoja wa biashara. Halafu, kiangazi kijacho, atafutwe mtu mwingine.

Johari hakumwuliza kama ni kweli. Kwa mkwe mikono mitupu Mselemu bado asingekwenda; basi wangelala wapi?

Mselemu alishika gogo ajiinue, akatafuta ndoo kwa macho. Alipoishika, Johari aliichukua kutoka mkononi mwake, akachukua na ya pili, akamwambia akae kwanza, kifua kisije kikambana. Akavua ndala zake. Ukingo wa maji ulikuwa mbali sana, mstari tu mweupe, na tope lililopasuka lilimchoma nyayo. Alikwenda. Alichota. Alirudi akipumzika njiani, na kila alipopumzika alimwona Mselemu kule mbele amesimama na shati lake la pasi, anamsubiri.

Alimwaga ndoo ya kwanza ndani, juu ya ubavu wa magharibi. Maji yalipita moja kwa moja kwenye nyufa, yakatoka nje, yakapotea ardhini. Johari akamwaga ya pili, nayo ikapotea hivyo hivyo. Akaokota ndoo zake akarudi ziwani.